Ruhusa ya Mke wa Malangali

Dar es Salaam,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mke wangu Bibi Fransiska,

Shikamoo. Hiyo ni ya bibi. Ya mke ni hii: miezi miwili sijapata hata mstari mmoja, je, umeolewa na mwingine? Kama ni yule Mzee Romani mwenye baiskeli, nijulishe mapema nirudishiwe mahari yangu, zile pipi nne nilizokupa nikiwa na miaka mitano.

Mimi sijambo. Joto la huku limeanza na shati halikauki mwilini. Natamani kusikia habari za goti lako, za Mama na cherehani yake, na za Mjomba Modesti huko Mtowisa, kama bado anatangaza kwamba huko juu kwenu baridi inaua na bondeni kwake ndiko peponi.

Sasa jambo lenyewe. Naomba tena nafasi ya kusoma nje, shahada ya uzamivu ya uchumi. Hiyo ndiyo ya juu kabisa, ukiimaliza hakuna nyingine ya kukusumbua. Nimechagua vyuo vinane, saba vya Marekani na kimoja cha Uingereza. Wakinichukua watanilipia karo na kula kwa miaka sita. Tabu ni kwamba watu mia saba wanaomba chuo kimoja na wanaochukuliwa ni ishirini. Safari iliyopita nilikwambia mambo yameahirishwa. Safari hii nadhani hayataahirishwa. Mkataba wangu wa msaidizi wa utafiti unakwisha Juni, na nimeamua hii ni mara ya mwisho. Ikishindikana nitakubali ile kazi ya benki na kuvaa tai mpaka nistaafu.

Nina ombi. Insha yangu ya utafiti inahusu ntumba zetu, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani ndani ili mwaka unaofuata tupande ulezi. Nataka kujua kwa nini watu hualikana kuzilima kwa zamu bila mkataba wala msimamizi, na kwa nini wengine hawaaliki wala hawaalikwi. Wewe umelima miaka yote hiyo. Niandikie unavyojua mwenyewe. Husna, binti ya Mzee Hamidi wa duka la stendi, anasomea tafsiri huku na atanisaidia kuyaweka kwa Kiingereza. Bahasha mpe Mzee Hamidi kama kawaida, naye atamkabidhi kondakta wa basi.

Mumeo anayekonda,
Calvin

*

Malangali, Sumbawanga,
12 Oktoba 2024

Mume wangu Calvin,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa dukani kwa Hamidi chini ya gunia la sukari, na ilipofika ilikuwa na sisimizi. Hao nimewasamehe. Hamidi bado.

Kuhusu Romani, ni kweli alikuja. Lakini baiskeli yake haina breki, na kwa umri wangu sipandi kitu kisicho na breki. Mahari yako niliila siku ileile, kwa hiyo hudai kitu.

Mama yako Lydia mzima, anashona sare za shule na kulalamikia vifungo. Ameniletea simu mara mbili niongee nawe na nimekataa. Maneno ya simu huwezi kuyarudia kesho ukiwa umekaa jikoni. Modesti alipanda kuja huku na mchele, akavaa makoti mawili, akalala siku moja, ya pili akaondoka meno yakigongana. Mtoto niliyemzaa mwenyewe hapahapa kwenye baridi. Habari za goti usiulize.

Ya kuahirishwa nimeyasoma. Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa miaka ishirini na miwili, na najua mtu mzima anapoahirishiwa uso wake unakuwaje. Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba nimeyasoma.

Kuhusu ntumba nimeandika kurasa nne. Nimeeleza tunavyoanza udongo ungali laini, nani anamwita nani, pombe ya ulezi inapikwa siku ngapi kabla, na kwa nini marehemu jirani yetu hakuitwa na mtu kwa miaka kumi na mbili ingawa alikuwa na jembe zuri na mikono minene. Hakuwa mvivu. Alikuwa hataniwi. Ukimtania ananuna wiki nzima, basi watu wakamwacha na shamba lake.

Nimeambatisha karatasi ya tano. Hapa kwetu mtu hatoki bila karatasi. Ukihama unaulizwa barua, ukioa unaulizwa barua, hata ng'ombe akisafiri anaulizwa. Iweje mume wangu aende miaka sita mikono mitupu? Kwa hiyo nimekuandikia ruhusa, mimi mkeo. Nimeipiga muhuri wa kwaya, kwa kuwa mtunza muhuri ni mimi na unakaa kwangu ndani ya kopo la biskuti pamoja na sindano. Nimeugonga mara tatu, maana wa kwanza ulififia na wa pili ukapinda. Isome, ucheke, uiweke.

Mkeo,
Fransiska

*

Dar es Salaam,
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mke wangu,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Salamu kwa Mama, na umwambie sweta limefika na kwamba kulivaa Dar ni adhabu, lakini nimelivaa dakika tatu kwa heshima yake.

Yamekwisha. Vyote vinane nimevitumia. Cha mwisho kimeondoka leo saa moja na dakika hamsini na nne asubuhi, zikiwa zimebaki dakika sita, maana usiku wa manane wao ni saa mbili asubuhi yetu. Nimecheka peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kama nina mgeni.

Ungeniona wiki hizi mbili ungeomba ndoa ivunjwe. Kila chuo kinataka barua tatu za walimu wanaokufahamu. Mbili zilikwenda mapema. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wangu wa hisabati, mtu mwema sana ambaye hajibu chochote anachoandikiwa. Nilimkumbusha mara tano. Mara ya sita nilisimama mlangoni kwake na chapati tatu na chai kwenye chupa, nikamwambia sitoki. Alikula chapati mbili, akaandika barua, halafu akala ya tatu.

Kurasa zako, Bibi. Bahasha ilifika asubuhi niliyokuwa nakwenda kufanya mtihani wa hesabu na Kiingereza unaodaiwa na vyuo, nikampa Husna yote kama ilivyo. Ametafsiri kila kitu na kukiweka kwenye faili moja. Kurasa mbili za mwanzo nilizisoma nikajiuliza kwa nini mimi ndiye ninayeomba shule na si wewe. Chuo kimoja tu ndicho kilichoruhusu kuongeza viambatisho, hiki cha leo, na faili nimelipakia lote. Sikuwahi kulisoma mpaka mwisho, umeme ulikuwa umekatika na kompyuta ilibaki na asilimia sita. Ile ruhusa yako nitaisoma Husna akinirudishia bahasha.

Majibu ni Februari na Machi. Goti vipi? Hukunijibu.

Mumeo,
Calvin

*

Malangali,
25 Januari 2025

Mume wangu,

Marahaba. Mvua ni nyingi na mahindi yamenipita kimo. Ulezi unataka palizi. Jovina, mwenyekiti wetu wa kwaya, amekuweka kwenye maombi ya Jumapili pamoja na wagonjwa na wasafiri. Nilimwambia wewe si mgonjwa wala si msafiri. Akasema kwa sasa uko katikati.

Nimechelewa kuandika kwa sababu mama yako alinipeleka mahali kwa mambo ya wazee, nikakaa huko kidogo. Nimerudi. Chakula chao hakina chumvi.

Hamidi ananiuliza kila siku kama umejibiwa. Amewaambia wateja wake wote, hata anayekuja kununua kiberiti anaondoka na habari zako. Leo mwanamke mmoja nisiyemfahamu amenipongeza kwa kuwa na mjukuu daktari, akaniuliza dawa ya kiungulia.

Miaka sita, ulisema. Mimi ninayo sabini na minane. Nilianza kujumlisha nikiwa napalilia, nikaacha, kwa sababu magugu yalikuwa mengi.

Niambie kama ruhusa umeisoma.

Fransiska

*

Dar es Salaam,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo mara saba. Kaa chini. Umekaa? Mwambie Mama naye aache cherehani.

Ruhusa nimeisoma. Nimesomewa na maprofesa watatu.

Chuo kile cha viambatisho kiliniita kwenye usaili wa video juzi saa kumi jioni. Nilivaa shati jeupe na tai ya Husna, yaani ya kaka yake Amin. Walianza na hisabati, nikajibu. Wakauliza nitapataje takwimu za mashamba, nikajibu. Nilikuwa naanza kujiona mtu. Halafu mkubwa wao, mama mwenye miwani na mvi, akashusha sauti kama anayetoa pole msibani. Akasema wanaheshimu mila za kila mahali, ila angependa kujua kama ndoa yangu niliingia kwa hiari.

Nikasema sina ndoa. Wakatazamana. Akainua karatasi na kuanza kusoma, kwa Kiingereza safi cha Husna, jinsi ambavyo Fransiska, mke halali wa Calvin tangu asubuhi aliyozaliwa, aliyemwogesha, akamlisha na kumchapa kila ilipobidi, anamruhusu mumewe kusoma miaka sita kwa masharti mawili: avae sweta, na asioe mke wa pili kabla hajamleta nyumbani akaguliwe mikono kama inajua jembe. Mihuri mitatu ya kwaya, wa tatu ndio unaosomeka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Husna anasema aliitafsiri kwa kunichekesha na akaiweka mwisho akijua nitaitoa. Tumegombana kwa dakika nne, kisha tukacheka mpaka nikaumwa mbavu.

Lakini pale mbele yao ilibidi niseme kitu. Nikawaeleza kwamba kwetu bibi na mjukuu hutaniana kama mke na mume, na ndani ya utani huo mtu husema yale ambayo kwa adabu hayasemeki. Nikiwa bado natoka jasho nikamkumbuka yule jirani yako asiyetaniwa. Nikawaambia hata kwenye ntumba ni hivyohivyo: unayeweza kumtania ndiye unayeweza kumwita shambani, kwa sababu asipokuja utamsema mbele ya watu, atacheka, na kesho yake atakuja. Hakuna kesi wala uadui. Nikasema hicho ndicho ninachotaka kwenda kukipima. Bibi, hilo sikuwa nimeliandika popote. Lilinijia palepale kwa aibu.

Yule mama alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Akaniuliza kama kurasa nne za kwanza pia umeandika wewe. Nikasema ndiyo. Akasema, "Hizo ndizo zilizotufanya tukuite."

Sasa na mimi niseme lisilosemeka. Mwaka jana hakuna kilichoahirishwa. Niliomba vyuo saba, vyote saba vikanikataa, kimoja kwa barua iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Niliona aibu kukuandikia. Mwaka huu tayari vinne vimekataa. Nasubiri vinne.

Mumeo wa mihuri mitatu,
Calvin

*

Malangali,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mume wangu Calvin,

Marahaba zote saba. Barua yako nimeisoma mara nne, na ya tano niliisoma kwa sauti baada ya misa. Kwaya yote ilipata habari. Kulsumu, mkewe Hamidi, alikuja kuniuliza kama ni kweli nimeshtakiwa Marekani kwa kuoza mtoto. Nimecheka hadi mama yako akaniletea maji na kuniambia nikumbuke kifua.

Jovina hakucheka. Ameniita mbele ya kamati na kuniuliza kwa nini muhuri wa kwaya umevuka bahari bila kikao. Nimenyang'anywa muhuri mwezi mzima, unakaa kwake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Sindano zangu kanirudishia.

Nimekuandikia karatasi ya masahihisho uwapelekee: mimi ni bibi, si mke, na kumchapa nilimchapa mara mbili tu. Haina muhuri, utaelewa.

Sasa hiyo saba. Unisikilize. Ulibeba saba peke yako mwaka mzima, ukaniandikia habari za shati na joto. Mimi nimekaa na watu wa miaka hamsini waliokuwa wanashika kalamu kama wanashika nyoka, nimewaona wakikosea herufi moja kwa miezi mitatu, na hakuna hata mmoja niliyemwonea aibu. Ningekuoneaje wewe? Umeniumiza kwa hilo, na nimekwisha kusamehe, ila sitaki lirudiwe. Ikija nane, niandikie nane.

Mkeo kwa sababu za kiofisi,
Fransiska

*

Dar es Salaam,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo.

Wamenichukua. Si vinane, si viwili, ni kimoja, kile cha mihuri. Miaka sita, karo, posho, bima ya afya. Barua ilikuja wakati nanunua nyanya. Nilimkumbatia muuza nyanya, mama wa watu hanijui, akaniongezea mbili. Mwalimu wa hisabati nimempelekea chapati kumi. Husna alilia, kisha akadai ada ya mkalimani. Mwishoni mwa barua yule profesa ameandika kwa mkono wake kwamba ofisi ya makazi imeniwekea nyumba ya watu wenye familia, na kwamba hajawasahihisha.

Nimerukaruka kwa furaha siku mbili nzima. Siku ya tatu nilimpigia Mama nimpe habari, naye akaniambia ulichokataa kuandika. Huko mahali pa mambo ya wazee ulikolala Januari ni hospitali, na ulilala siku sita, na si goti, ni moyo. Unanikemea kwa saba zangu huku wewe umefungia sita zako kwenye kopo la biskuti.

Ile hesabu uliyoiacha kwenye magugu nimeimalizia mimi. Sikuipenda.

Lazima nijibu chuo kabla ya tarehe kumi na tano. Kazi ya benki bado ipo, na kutoka huku kuja Sumbawanga ni basi moja. Siulizi kwa utani. Ukisema nibaki nitabaki, na sitakulaumu siku hata moja. Niandikie haraka. Bahasha hii nimemwomba kondakta asiiache ilale dukani, amkabidhi Mzee Hamidi mkononi akuletee.

Mjukuu wako,
Calvin

*

Malangali,
Jumanne, 8 Aprili 2025

Mjukuu wangu Calvin,

Marahaba. Hamidi aliileta barua yako mwenyewe, kwa miguu, bila kofia, akasimama mlangoni mpaka nikaifungua. Nilipomwambia umechukuliwa alipiga kigelegele, mwanamume mzima na ndevu zake, majirani wakadhani nimekufa au nimeolewa.

Utani nauweka kando kidogo, nitaurudia chini.

Ni kweli ni moyo. Nanywa vidonge viwili asubuhi, kimoja jioni, na chakula kisicho na chumvi nimekizoea kama mtu anavyozoea jirani. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa unasubiri majibu, na nilijua ungeacha kusubiri. Hilo nalo unisamehe, tumekuwa sawa.

Naogopa kufa ukiwa mbali. Nimeandika, limetoka. Nalipenda sana hilo basi moja unalolitaja. Lakini ukibaki kwa ajili yangu, kila utakapoingia hapa utakuwa unanitazama kama saa ya ukutani, na mimi nitakuwa najiona nachelewa. Sitaki. Nilipokufundisha kusoma ulikuwa na miaka minne, ulikaa kwenye goti hilihili, ukasoma neno lote kwenye mfuko wa mbolea, ukaniuliza, "Bibi, na lingine?" Tangu siku hiyo nilijua utakwenda. Sikujua tu ni mbali kiasi gani.

Kwa hiyo nenda. Kubali leo, usingoje tarehe kumi na tano, umeme utakatika.

Sasa narudi kwenye ndoa. Ulitaka jibu la mke na jibu ni hili: sisi ni Wakatoliki, talaka sitoi. Utarudi tu.

Na kama wamekuwekea nyumba ya wenye familia, si vizuri ikae na mtu mmoja. Leo asubuhi Lydia amenisindikiza mjini kuulizia pasipoti. Nimevaa kitenge kipya. Binti wa mezani, Jenifa, msichana mzuri mwenye mwandiko mbaya, aliniuliza sababu ya safari. Nikamwambia nakwenda kwenye mahafali ya mume wangu. Akauliza ni lini. Nikamwambia mwaka elfu mbili thelathini na moja.

Akaweka kalamu chini, akanitazama, akatazama tarehe yangu ya kuzaliwa, akanitazama tena. Akasema kwa upole kabisa, "Bibi, pasipoti yenyewe inadumu miaka kumi tu."

Nikamwambia inatosha.

Mkeo,
Fransiska